Istikhara Niliyosema Nimesali

Jumapili, 2 Novemba
Nimempeleka dada Zuwena hospitali, kama kila Jumapili, Jumanne na Alhamisi. Masaa manne kwenye mashine ya kusafisha damu. Daktari wake wa figo ni mwanangu, Ruqaya. Hapa Ibra, Omani, dada hamwamini mwengine.

Tuliporudi, mikono yangu imo ndani ya unga, Ruqaya kanambia: kapata kazi Ayalandi. Anataka radhi yangu. Bila ya radhi haendi. Nimesema kwanza nisali istikhara, nimwombe Mungu aniongoze: moyo ukitulia, aende.

Jumanne, 4 Novemba
Sijasali. Naogopa moyo usije ukatulia aende. Naogopa dada atakufa mikononi mwa mgeni.

Ruqaya anasema huko nako wagonjwa wanangoja, madaktari wao wamehamia Australia. Nikamwambia, haya. Wao wachukue wetu, sisi tuchukue wa Sudan. Na mgonjwa wa Sudan atatazamwa na nani? Lakini Ruqaya miaka sita anaomba akasome zaidi, hapati. Hilo nalo kweli.

Jumatano, 5 Novemba
Soko la wanawake. Muuza bukhuri, ambaye mamake yuko mashine hiyo hiyo, habari keshazipata, kanishika mkono. "Umm Ruqaya, wallahi ukimpa radhi, utakuja kutuzika wewe." Kisha kacheka: "Haya, nunua udi basi." Sikucheka.

Nimerudi, nimemwambia Ruqaya nimesali na moyo haukutulia. Uwongo. Kasema, "Alhamdulillahi, Mama," akaenda kuwaandikia kuwa haendi.

Astaghfirullah.

Ijumaa, 7 Novemba
Sina usingizi. Nimemsingizia Mungu. Nimesema kaniongoza, wala sikumuuliza. Nikifa leo nitasema nini?

Na jana dada, kalala na mipira yake ya damu mkononi, kanikodolea macho. "Umesali kweli, wewe? Toka mdogo ukisema uwongo hunitazami." Nikatazama ukuta. "Mimi nna ajali yangu, siku yangu ya kufa imeshaandikwa. Usinitundike shingoni mwa mtoto."

Naogopa Ruqaya abaki, na dada afe vile vile.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimekiri, baada ya alasiri. Ruqaya kanimiminia kahawa tu. Afadhali angenigombeza. Mwisho kasema Ayalandi wamemjibu afikiri tena, wanamngojea mpaka Jumatatu.

"Basi sali sasa, Mama. Kitakachokujia, niambie hicho hicho."

Nimetawadha. Msala nimeutandika. Bado nimesimama pembeni yake.