Ushuhuda Nilioazima

Nyumbani Zombe,
Kitui.
Jumanne, 16 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Kaveke,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, na kabla sijasema lolote, u hali gani? Mgongo uliokuwa ukikusumbua wakati wa baridi umepona, ama bado unawainua wazee wa watu huko kazini, huku wewe mwenyewe unahitaji kuinuliwa? Nijibu kwa ukweli, si vile unavyomjibu mama kwenye simu, kila kitu sawa tu, sawa tu. Nilikubeba mgongoni, naijua sauti yako ikificha jambo.

Sisi huku tu wazima. Mama sasa anatembea kwa fimbo, lakini ulimi wake bado hauhitaji fimbo. Shemeji yako Musyoka amewajengea mbuzi boma jipya, nao wamelikataa kabisa, wanalala mlangoni pangu kama wageni waliokosa kitanda. Mwanangu Mutie ameota ndevu tatu na anazinyoa kila Jumapili kabla ya kanisa. Ungemwona ungecheka mpaka ukae chini.

Mvua ilitupita mwaka huu. Ndengu tulizopata ni za kula tu, si za kupeleka sokoni. Tangi la kanisa limekauka tangu Julai, kwa hiyo tumerudi mto Thua kufukua mchanga kutafuta maji, kama tulivyokuwa tukifanya tukiwa wasichana.

Nimeamua kuandika kwa sababu Yvonne, binti ya jirani yetu Mwangangi, anarudi huko Uingereza wiki ijayo na amekubali kukubebea kifurushi. Halafu kuna jambo ambalo siwezi kukuambia kwa simu. Kwa simu ningekusikia ukinyamaza, nami ningeogopa na kuyageuza maneno katikati.

Unakumbuka ulivyoniambia mwezi wa Machi? Nilikuwa nimekuuliza kama umepata kanisa huko, swali ambalo nimekuuliza mpaka limekuchosha. Ukasema, "Dada, achana na hiyo stori ya kanisa. Mimi siendi, na sitaki kukudanganya tena. Kati yetu wawili, wewe ndiye ulisikia kitu siku ile. Mimi nilikuwa mtoto tu, nikafuata watu. Nikikumbuka vile wewe husimulia, najua yangu haikuwa ya kweli."

Ukadhani laini imekatika, ukasema haloo, haloo, kisha ukakata. Laini haikuwa imekatika, Kaveke. Nilikuwa hapo nimeshika simu na kinywa wazi.

Aliyefuata watu siku ile ni mimi. Na hata si watu niliofuata. Nilifuata sweta.

Turudi Agosti ya mwaka wa tisini na nane, kwenye ule mkutano wa injili uwanjani sokoni. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi na sita. Ulikuwa na kikohozi, mama akakuvalisha sweta yake ya rangi ya damu ya mzee, ile aliyoifuma mwenyewe, na mimi mkubwa akaniagiza nihakikishe inarudi nyumbani ikiwa nzima. Mhubiri alipoita, ulisimama bila hata kunitazama. Watu wakaanza kusukumana, nikaona sweta ya mama inapotelea kwenye vumbi. Nikakukimbilia, nikakukamata mkono wa sweta, nikavuta. Hukugeuka. Nikavuta tena, na nilipotazama tulikuwa sote wawili mbele, na mama mmoja wa kitambaa cheupe ametuwekea mikono vichwani. Akaniuliza jina langu. Ningemwambia nimekuja kuchukua sweta? Nikamtajia jina, akaliandika.

Jumapili iliyofuata tukaitwa kushuhudia. Ulianza wewe. Ulisema ulisikia kuitwa, kama vile mama alivyokuwa akituita jioni tukiwa mbali tukichunga mbuzi, chakula kikiwa tayari. Kwamba hukusikia neno, ulijua tu ni wewe unayeitwa na kwamba mahali pako pamewekwa. Watu wazima walilia. Zamu yangu ikafika, nikasema, "Na mimi vilevile."

Hiyo "vilevile" nimeitumia miaka ishirini na saba. Wewe ulienda shule ya bweni, ukaenda Nairobi, ukaenda huko uliko, na mimi nikabaki na ushuhuda wako. Mwanzoni nilisema "sisi". Baadaye nikasema "mimi". Nikachukua mbuzi, nikachukua ile jioni, nikachukua mpaka sauti ya mama. Nimeusimulia Ikutha, nimeusimulia Kanyangi, nimeusimulia Makueni kwenye kongamano la akina mama, na watu wakaja mbele wakilia. Nilikuwa nawashika mikono huku nikiwaonea wivu. Wakanifanya mwenyekiti wa akina mama. Kuomba nilijua, kufunga nilijua, kukemea wengine nilijua zaidi. Lakini nikibaki peke yangu jikoni nilikuwa natega sikio, labda leo na mimi nitaitwa, nami nasikia sufuria tu ikichemka. Nilikuwa na kiu, mdogo wangu. Kiu mbaya. Na mwenyekiti angeenda kumwambia nani?

Ndipo ukaniambia maneno yale ya Machi. Niliona nilichokifanya. Niliusimulia ushuhuda wako vizuri sana mpaka wewe mwenyewe ukadhani si wako.

Asubuhi moja ya Julai nilienda Thua mapema, mimi na punda. Unajua vile kisima cha mchangani kilivyo: ukishafukua, unakaa usubiri maji yajikusanye, ukichota kwa pupa unapata tope. Nikakaa. Nikaanza kukuombea kama kawaida, Bwana, mrudishe Kaveke, halafu nikashindwa kuendelea. Akurudishe wapi? Mahali ambapo mimi sijawahi kufika? Nikasema kwa sauti, punda akinitazama, "Bwana, mimi sikujui. Nimekutangaza kila mahali na sikujui. Nataka kukujua."

Sikusikia sauti yoyote. Sikuona chochote. Nililia mpaka leso ikalowa, na kilio kilipoisha nikajikuta mwepesi, kama ninapofika nyumbani na kuivua kichwani kamba ya mtungi ulio mgongoni. Nikajua tu kwamba sikuwa nimeongea peke yangu. Usidhani naanza kukuhubiria. Maji yenyewe siku hiyo yalikuwa na chumvi, na punda alimwaga mtungi mmoja njiani. Lakini tangu siku hiyo Yesu ninayemwomba namwambia mambo yangu mwenyewe, na ananitosha. Kiu bado ninayo kila asubuhi, ila sasa najua ni ya nani, na ninajua pa kwenda nayo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu nikasimama kanisani. Nikasema ushuhuda mliozoea kuusikia kutoka kwangu si wangu, ni wa mdogo wangu Kaveke, mimi niliuazima bila kumwomba. Halafu nikawaambia wangu, wa Julai, ambao ni mfupi na hauna mbuzi. Mchungaji Mbaluka akaniomba nipumzike uenyekiti, nikakubali bila kinyongo. Sasa nakaa benchi la nyuma na watoto, na sijawahi kufurahia kanisa namna hii.

Si wote walioupokea vizuri. Kasyoki, yule tunayeimba naye sauti ya pili, aliokoka siku niliposhuhudia Kanyangi. Alinifuata nje akaniuliza, "Sasa mimi niliokoka na uongo?" Nikamwambia hapana, ulichosikia kilikuwa cha kweli, ni mwenyewe tu aliyekuwa mwingine. Hajaanza kunisemesha, na ana haki. Lakini nataka ujue, Kaveke, kwamba Kasyoki ni wako. Na si yeye peke yake.

Niliyemwogopa zaidi ni mama. Tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika akaniambia nitoe sanduku lake la bati chini ya kitanda. Akafungua, akatoa ile sweta. Sikujua hata kama bado iko. Akainyoosha mapajani, akasema, "Angalia mikono."

Mkono wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto, karibu upana wa kiganja.

"Siku hiyo mliporudi, nilijua mmoja alikuwa anaenda na mwingine alikuwa anamvuta arudi," akasema. "Na aliyekuwa ameivaa ni Kaveke. Basi nikawa nashukuru Mungu juu yake, na juu yako naomba."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema ningemwongezea uongo mwingine, heri aningoje. Nikamuuliza, na zile amina alizokuwa akiitikia kila nikishuhudia? "Hizo zilikuwa za Kaveke," akasema, akaniambia niweke chai.

Nimekukosa, mdogo wangu. Miaka tisa tangu uende huko ni mingi. Huwa napika muthokoi wa mahindi na maharagwe na kuacha ule wa chini uliogandana na sufuria, kwa sababu ndio uliokuwa ukiupenda, halafu nakumbuka hakuna wa kuukwangua. Nakukosa kanisani pia, hata kama hayo hutaki kuyasikia. Sikuombi utafute kanisa Jumapili hii. Wala sikuombi unisamehe haraka, kasirika kwanza, ni haki yako. Nilichotaka ni kukurudishia kitu chako kabla hujakitupa ukidhani ni changu.

Mama anakusalimu na anakubariki, anasema Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, na uache kula vitu vya mkebe. Musyoka anakusalimu. Mutie anakusalimu na kuomba viatu vya mpira, ananiambia nisiandike, nimeandika. Jirani Mwangangi anakusalimu. Mwambie Yvonne asante.

Kwenye kifurushi kuna leso mbili, kiondo alichokusukia mama, na chini kabisa kuna sweta. Ni mama aliyesema uletewe. Haitakutosha vizuri, lakini siku moja ya baridi ivae hata kwa dakika moja, unyooshe mikono yote miwili mbele yako, uitazame. Mwaka ule mimi nilikuwa nabeba mtungi wa lita ishirini kutoka Thua mpaka nyumbani bila kupumzika. Wewe ulikuwa kijiti cha mtoto, unakohoa. Basi usiniambie tena kwamba ulifuata watu. Nilikuvuta kwa nguvu zangu zote, Kaveke, na sikukuweza.

Ni mimi dada yako, nikikungoja kama mama alivyoningoja,

Kathini