Mukono wa Yaya Uliovimba

Mujukuu wangu Zawadi,

Huku Kindu tuko wazima, magoti yangu tu njo yanalalamika. Mama yako amevuna mihogo, anakusalimia. Unauliza mbona baba yangu alipougua kifua kikuu, dada yangu mukubwa, yaya Mariamu, njo alimulisha kila siku, lakini yeye hakuugua.

Ilikuwa wakati wa Zaire, kila mutu akiitwa 'sitwayeni', yaani raia. Munganga wa dispansere alituchoma sindano mukononi, apime nani ameambukizwa. Siku ya tatu mukono wa yaya ulivimba, wangu ukabaki laini. Nikatembea nikionyesha mukono wangu kwa majirani, na wao wakaanza kukwepa kikombe cha yaya.

Munganga akaniita. "Sitwayeni, dada yako haiko mugonjwa. Mwili wake ulikutana na ugonjwa, ukaukamata kabla haujamuangusha. Wako haujakutana nao bado."

Miezi ile yote nilikuwa nimevuka muto Lualaba, nalala kwa mujomba kule Alunguli, nikamuachia yaya baba yetu.

Sasa yaya ni muzee, na bado ananishinda kutembea. Nikimusalimia, ule mukono naushika kwa mikono yangu yote miwili.

Babu yako,
Ramazani