Nyumba Inayofunguka kwa Spana

Bibi yangu wa Mafinga, shikamoo!

Ile nyumba ya mbao niliyoichora, ukaicheka eti banda la kuku, leo imesimama hapa Kigoma! Kuta zilikuja kwa treni zikiwa tayari, katikati zimeshindiliwa maranda ya kuzuia joto. Asubuhi tumezifunga kwa nati, na kabla migebuka, samaki wa ziwa la huku, haijaiva jikoni, paa lilikuwa juu.

Mchana akina mama wakimbizi kutoka Burundi wakaletwa kuikagua, maana watajengewa za namna hii kambini. Nje jua linachoma, ndani ubaridi mtupu, na feni hakuna! Nikangoja usifiwe ubaridi wangu. Bibi mmoja wa rika lako, Bibi Kaneza, wala hakuutaja. Alishika nati.

"Mwanangu, hizi zinafunguka?"

"Zote, bibi."

"Kwetu kukitulia, nyumba hii inapanda boti?"

"Ikishafunguliwa, inapanda."

Weee! Alipiga kigelegele, wenzake wakaitikia, sakafu ya mbao ikageuka ngoma. Nami nikavua viatu nikacheza mpaka migebuka ikaungua, na tukaila hivyo hivyo!

Walipoondoka, spana yangu haikuonekana. Nikakumbuka Bibi Kaneza alivyoniaga kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia kitenge kiunoni. Nimecheka peke yangu kama chizi. Siidai ng'o!

Ota moto vizuri, Bibi. Mimi narudi kuchora: nyumba zote za kambini zifunguke kwa spana ile ile moja.

Mjukuu wako,
Tumaini