Baba Aliuliza Mara Tatu

Mafinga,
9 Juni 2024

Kaka Boniface,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Mbeya, wewe, wifi Devotha na watoto. Sisi tunapumua. Baridi ya mwezi huu ni kali, nafundisha fizikia nikiwa na makoti mawili.

Tumefurahi kusikia umemkodia baba fremu ya duka huko Mwanjelwa ili afungue karakana ya vyombo vya umeme. Naandika kwa sababu kwenye simu ningeitikia tu, kama nilivyoitikia Jumapili iliyopita.

Nianzie kwenye ile mashine ya kufulia uliyotuletea mama alipofariki. Mwezi wa nne iligoma kutoa maji, nguo zikabaki zinaelea. Nilitaka kuita fundi, baba akachukia: mtu aliyetengeneza mashine za kupasulia mbao miaka thelathini, aitiwe fundi nyumbani kwake! Akachomoa waya wa umeme, tukakinga maji kwa beseni, tukailaza ubavu, akatoa pampu. Skrubu alizipanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa mfuatano wa kuzifungua, kama alivyotufundisha.

Akainua pampu, akaniuliza ni ya nini. Unakumbuka alivyokuwa akitupima tukiwa wadogo, akiuliza anachokijua. Nikajibu kwa raha kwamba inasukuma maji machafu nje. Akaitikia. Baada ya muda akauliza tena. Nikacheka, nikamwambia mimi si mtoto. Mara ya tatu alisema, "Mama, hii ni ya nini?" huku akiigeuzageuza pampu. Hakuwa ananipima.

Nilimwomba akapumzike. Pampu ilikuwa imekabwa na maranda yaliyotoka kwenye mifuko ya ovaroli yake. Nikayatoa, nikarudisha kila kitu. Alipoamka nikamwambia aliimaliza kabla ya kulala. Akaamini. Akaiwasha, akamwita jirani yetu Mama Sabina aone maji yanavyotoka, naye akamtania kwamba kama ni hivyo amtengenezee na mume wake, maana siku hizi hazunguki. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akakupigia simu.

Kaka, sikuwa nimemwona hivyo tangu msiba. Basi nikaendelea. Pasi ya Mama Sabina, redio ya katekista, zote nimezitengeneza mimi, baba akiwa amelala mchana. Wewe ukasikia sifa zake, ukakodi fremu.

Wiki iliyopita alipotea akitoka kanisani, njia aliyoipita maisha yake yote. Majirani waliporudi naye alinishika mkono akasema anajua kwamba anasahau. Anajua hata kuhusu mashine, kwamba niliimaliza mimi. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, "Mwache Boniface abaki na baba yake."

Nimevunja kiapo hicho leo. Fremu irudishe kwa mwenyewe. Lakini usimwambie kwa simu, njoo ukae naye, umwambie ukimtazama. Mimi nimejaribu mara mbili, nimeshindwa.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu. Baba yupo hapa mezani, anafuta bisibisi zake na kuzifunga kwenye kanga ya mama. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia. Anakusalimu sana, na anaomba meza ya kazi umwekee karibu na mlango, kwenye mwanga, kwani macho yake siku hizi si mazuri.

Mdogo wako akupendaye,
Faustina