Kibaraza cha Mjohoro

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na kikohozi kimeniachia njiani. Goti lako vipi? Ile dawa ya kuchua usiiweke kabatini kama pambo.

Mama, kwenye basi sikupata hata lepe la usingizi, na si kwa ajili ya kiti. Ni ule mjohoro wetu. Siku ile uliponifukuza kwa ufagio ukisema napekua uwanja kama kuku, nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: pale shina linapotanuka kabla ya kuingia ardhini. Kila mti una shingo yake, na shingo hiyo inatakiwa ionekane, maana ikifukiwa huoza. Wa kwetu haionekani. Mti umezama kwenye udongo bila kutanuka, kama nguzo, kwa sababu kibaraza cha saruji kimeukaba pande zote, na ndani yake udongo umejaa pomoni. Halafu umeinama. Unasema ulikuwa hivyo siku zote. Hapana, Mama, itazame picha ya harusi ya kaka, mti umesimama wima nyuma ya bibi harusi. Sasa umeelekea dirisha la chumba chako.

Kazi yangu na kikosi cha miti ya barabarani unaijua. Juzi tumekata mti uliokuwa wa kijani kuliko yote mtaani. Msumeno ulipopita pale chini ulitoa unga laini, kama mkate uliolowa. Msimamizi wetu akasema mti unaweza kuvaa majani mapya huku hauna tena miguu. Nikakukumbuka wewe, na sijaacha kukukumbuka.

Nakuomba umwite jirani yetu seremala akibomoe kibaraza, muutoe udongo taratibu kwa mikono, kisha uniandikie unachokiona. Simu najua huitaki, unasema nikikupigia nalia tu na huambulii neno. Basi andika.

Mwanao,
Kitindamimba

19 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Goti bado ni langu, nikilisahau linanikumbusha. Hatujambo hapa, mimi na cherehani. Sare za shule zimenijaa hadi kwenye viti.

Wewe mwoga tangu utotoni. Uliogopa bomba likikoroma, ukaogopa koti la baba yako likining'inia mlangoni. Sasa umepata watu wa kukulipa mshahara uogope miti. Hongera, kazi imekufaa.

Kibaraza hakibomolewi. Hukuwa na akili bado wakati wateja wangu walipokuwa wakisimama juani wakisubiri kupimwa, maana viti hatukuwa navyo. Baba yako alikanda ile saruji mwenyewe jioni akitoka kazini, bado na nguo za kazi. Alikijenga karibu kabisa na shina ili mtu apate pa kuegemeza mgongo. Kiganja chako kipo pale, ulikigandamiza kabla saruji haijakauka, nikataka kukuchapa, akanizuia. Na huo udongo unaoulalamikia ni kazi yangu. Kila asubuhi nikifagia uwanja nasogeza vumbi na majani pale shinani, mti nao ule. Ndivyo tulivyoutunza, na kivuli hajawahi mtu kukilalamikia.

Tena kwa taarifa yako unazidi kunawiri. Umeota uyoga ubavuni, juu kidogo ya kibaraza. Si ule laini, huu ni mgumu kama ubao, wa kahawia, ukingo wake mweupe, umekaa kama sahani iliyobandikwa. Mteja mmoja aliweka kikombe cha chai juu yake na hakikumwagika. Mimi nimeufanya wa kuwekea pini.

Kula vizuri, ulikuja umekonda.

Mama yako

26 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Naandika mbiombio, kondakta wa basi anaisubiri barua.

Huo uyoga si dalili ya kunawiri! Unakula mti kwa ndani kuanzia mizizini, na ukishajitokeza nje ujue umekula muda mrefu. Nilipomweleza msimamizi aliweka kikombe chake chini. "Mama ahame chumba hicho leo," akasema, "na mti ukatwe kabla ya mvua." Nikaomba ruhusa nije na wenzangu tuukate. Akakataa. Mvua zikikaribia hakuna anayeruhusiwa kutoka, kila mtaa unatuita.

Hamia chumba cha cherehani, Mama. Tafadhali.

Najua utasema uwanja utabaki kipara. Kondakta atakupa mche wa mkomamanga. Nimeuchagua mwenyewe kitaluni, nikaipita mirefu mingi iliyokuwa ikijionyesha. Mti hauchaguliwi kwa ulivyo leo, unachaguliwa kwa utakavyokuwa ukikomaa. Huu hautalishinda paa, na mizizi yake haina ugomvi na kuta. Uupande mbali na ukuta, mbali na waya wa umeme. Shimo liwe pana kama beseni la kufulia, lakini kina kisizidi urefu wa kile kiriba cha plastiki ulichooteshewa. Kiriba chenyewe kichane, ukitoe chote. Ukikuta mizizi imejizungusha, ifumue kwa vidole kama unavyofumua mshono. Shingo ibaki juu ya udongo. Majani makavu yatandaze kuuzunguka, ila yasiguse shina. Nakusihi, Mama, yasiguse shina.

Mwanao,
Kitindamimba

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila umenikasirisha, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Unaniandikia kama fundi anayemwandikia mwenye nyumba. Ahame, ukatwe, kibomolewe. Baba yako ametangulia, kaka yako yuko kwake, wewe uko huko na misumeno yako. Kilichobaki hapa cha kuniuliza umeamkaje ni mti huu. Nikitoka mlangoni asubuhi ndio wa kwanza kuuona. Sasa niite watu wauangushe kwa sababu ya sahani ya uyoga?

Nalala chumbani kwangu, kwenye kitanda changu, dirisha wazi. Mche nimeshaupanda na umeshika, kwa hiyo usiniulize tena.

Mvua ya kwanza imenyesha. Upande wa uwanja ulio mbali na nyumba ardhi imepasuka kidogo, ufa umejikunja kuufuata mti kama ukosi wa shati. Nilichomeka futi yangu ya kupimia, ikazama. Nimeuziba kwa udongo na kuukanyagakanyaga, sasa hauonekani. Nakueleza ili usije ukasema nimekuficha.

Mama yako

17 Machi

Mama,

Shikamoo. Sina salamu nyingine leo, unisamehe.

Huo ufa ni mizizi inayong'oka. Mti umeanza kuondoka, Mama. Ukiuziba hujauzuia, umejificha usiuone tu. Nimempigia seremala. Anasema aliomba kuukata ukamfukuza, na anasema taa ya chumba chako anaiona inawaka kila jioni. Kwa hiyo ni kweli unalala humo.

Hasira zako nimalizie mimi, usiihatarishe roho yako. Nichukie hata mwaka mzima. Hama tu.

Kitindamimba wako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo, popote ulipo.

Barua hii haina njia. Daraja limechukuliwa na maji na mabasi yanaishia upande wa huku. Simu ya seremala haipatikani. Nimekwenda stendi kila nikitoka kazini, hadi kondakta akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Hapa upepo umeangusha miti mitaa yote. Tunaitwa, tunakata, tunaburuta matawi, tunaitwa kwingine. Leo tumeutoa mmoja juu ya paa la nyumba. Wenyewe hawakuwemo. Nilishika tawi nikashindwa kuvuta, nikakaa chini kwenye matope mbele ya watu. Msimamizi alinipa maji. Alisema tu daraja likipitika nitakwenda, kazi iwepo isiwepo.

Nimekumbuka nilivyokuandikia mara ya mwisho bila hata kukuuliza goti. Goti vipi, Mama? Nijibu hilo tu. Mengine yote nimeyaacha.

Mwanao

11 Aprili

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mara zote ulizoniamkia bila kupata jibu. Nampa barua hii mtu anayevuka kwa mtumbwi, ataifikisha kwa kondakta. Mimi mzima. Goti nalo lipo.

Mjohoro umeanguka. Alfajiri, mvua ikiwa imeshapungua, wala hapakuwa na upepo wa kutisha. Umelala juu ya chumba changu, paa limeingia ndani, ukuta wa dirisha haupo, na kitanda seremala amekitoa vipande vipande. Alikuwa akifukua matofali huku akiniita kwa sauti ya kulia, nami nimesimama nyuma yake na kanga, hadi nikamgusa bega.

Sikuwa chumbani, mwanangu. Tangu uliponiandikia habari za uyoga nimekuwa nikilala chumba cha cherehani, godoro katikati ya marobota ya sare. Taa ya chumbani niliiwasha kila jioni makusudi, maana nilijua seremala ana mdomo na angekupelekea habari kwamba mama yako kaogopa.

Nimeiona mizizi. Upande wa uwanja haikung'oka, ilikatika kama biskuti iliyolowa. Kibaraza kimepasuka katikati. Seremala akatazama, akarudi kwenye matofali yake, nikamshukuru. Baba yako alikijenga kwa mapenzi, nami nikafagia vumbi kila asubuhi kwa mapenzi, na ndivyo tulivyouua. Ningehama mbele za watu ningekuwa nimekubali hivyo. Sikuweza. Mchana nilikuwa upande wa baba yako, usiku nikawa upande wako.

Nimelia sana. Sasa nimepunguza.

Na mche sikuupanda, nilikudanganya. Ningeupanda vipi huku mwenzake ananitazama? Umekaa kwenye kiriba chake juu ya meza ya kukatia, naunywesha kwa kikombe cha chai, nao umeanza kuinamia dirisha, ikabidi niugeuze. Tumelala chumba kimoja muda wote huo.

Jana nimechimba shimo. Pana kama beseni, kina cha kiriba, si zaidi. Shingo ya mche nimeitafuta kwa kidole nikaipata. Kipande cha saruji chenye kiganja chako ni kizima, nimekiegemeza kando ya mlango, mbali na shimo. Ila uliandika uwe mbali na ukuta, na ukuta wenyewe sasa sijui tutaujengea wapi.

Daraja likipitika, njoo. Sitatia hata konzi ya udongo mpaka ufike.

Mama yako