Mafuta ya Papa au Vanishi

Fundi Kombo, mwalimu wangu,

Nakutolea salamu, ingawa najua sitaitikiwa.

Sanduku lako la zana lipo kwangu hapa Madungu. Bi Mize, mkeo, alinikabidhi baada ya arubaini yako. Mbao za mfenesi, viungo vimeshikana hata kucha haipiti, ila hukuwahi kulipaka kitu. Kanambia, "Kasema weye ulipake upendacho."

Upendacho! Fundi, neno hilo linanitafuna. Ulinipa radhi au ulinisuta? Nimemuuliza Bi Mize ulilisema kwa uso gani. "Kasema tu, mwanangu. Alikuwa akikohoa."

Unajua kwa nini nauliza. Miaka kumi kule Makangale ulinifunza kazi, na kulinda mbao kwa mafuta ya papa, halafu siku moja, mbele ya mteja, nikakwambia, "Yakhe, siku hizi nani anataka sanduku linalonuka papa? Watu wanapaka vanishi." Mteja akacheka. Wewe uliendelea kupiga randa. Nikaondoka na kiburi changu, nikafungua karakana yangu mwenyewe. Ulipougua, Bi Mize aliniita. Nikamjibu nitakuja Ijumaa, namalizia kitanda cha harusi. Alhamisi ukafa.

Msikitini tuliulizwa kama tumekusamehe. Sote tukaitika, "Tumemsamehe!" Mimi niliitika kwa sauti kuliko wote, mnafiki mimi. Wewe hakuna aliyekugeukia akakuuliza kama umenisamehe. Maiti haulizwi.

Mwezi huu nimekuta unga chini ya sanduku. Bungua wameanza kulitoboa. Nilikuwa na makopo mawili, moja la vanishi, moja la mafuta ya papa niliyoyafuata mpaka kisiwani Fundo, na wiki nzima nilikuwa nayazunguka kama mjinga. Basi nimelipaka mafuta. Mikono mitatu, na kila mkono nimeuacha ukauke kwanza, kama ulivyonifunza. Usidhani nimekubali! Kitanda na kabati bado nasema vanishi, na ungekuwa hai tungebishana mpaka adhuhuri. Lakini hili sanduku ni lako.

Karakana yote inanuka. Wateja wanaziba pua, wengine wanageuzia mlangoni. Nilidhani nikimaliza moyo utatulia. Wapi! Nimekaa chini juu ya taka za randa nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Ningekuja siku ile ningekushika mkono tu, nikwambie niwie radhi, yakaisha. Safari yenyewe ya saa moja na nusu. Kitanda cha watu kingesubiri.

Sasa sina pa kuomba. Nitakusomea Yasini maadamu ningali hai, na Mola akufikishie. Kama uliniridhia, alhamdulillahi. Kama hukuniridhia, nitaishi nalo, ni haki yako.

Buriani, Fundi wangu. Bi Mize hajambo kidogo, miguu inamvimba. Akiniita sasa, naiacha randa juu ya ubao, nakwenda siku hiyo hiyo.