Ndani ya Jineri Hakuna Aliyeimba

Mabatini, Mwanza

Dada Anastazia,

Shikamoo. Goti limepoa? Na huyo mjukuu wako aliyekuwa na surua, anakula sasa? Sisi huku tunaendelea. Mimi mgongo tu, bado nabeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Koku mzima. Ndizi za huku si ndizi, tunakula basi tu.

Barua yako nilipata. Unasema nimlete Koku huko Bukoba ajifunze kushona kwa masista, maana kuchora si kazi. Dada, nilikuwa nimeshakubali. Nikasema kwanza nikione hicho chuo chake, kwa sababu Jumamosi walituita wazazi. Sasa nakueleza yaliyotokea, na kuna kitu nakuomba. Sikiliza mpaka mwisho, usinikasirikie katikati.

Chuo kiko ndani ya jineri. Ile ile yetu ya kuchambua pamba, tuliyofanya kazi mimi na marehemu mke wangu. Koku alikuwa ananiambia tu "kule ziwani". Alijua angesema yote ningemkataza.

Tangu wafunge lile lango sikuwa nimekanyaga. Siku hizi ruksa, kila mwenye mizani ananunua pamba, jineri yetu ikafa, mashine wakazikata wakauza chuma. Hayo nilikuwa nayajua. Lakini kusikia na kuona ni mbali. Pale nilipokuwa nafunga marobota kuna meza za rangi. Juu ya mizani ya pamba wamepanda maua. Mwanafunzi mmoja akanipokea, "Karibu mzee, hapa zamani palikuwa kiwanda." Nikamwambia hapo uliposimama palipita mkanda wa mashine, ulimla mtu mkono. Akacheka. Alidhani natania.

Halafu tukapelekwa kwenye ule ukuta mrefu wa stoo. Wamechora picha ukuta mzima. Wanawake saba wamekaa chini wanachagua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, huku. Hapo sawa, ndivyo walivyokaa. Lakini wote vinywa wazi. Wanaimba. Nyuso zinang'aa kama wametoka misa. Na wa tatu ni Paskazia wangu. Dada, ni yeye kabisa, na mwanya wake.

Mkuu wa chuo ni kijana wa Dar, kofia havui hata ndani. Anawaambia wazazi, "Hii ni furaha ya kazi. Akina mama hawa walikuwa wanaimba mchana kutwa." Watu wakapiga makofi.

Nikauliza, "Nani aliimba?"

"Unasemaje mzee?"

"Nauliza nani aliimba humu. Humu ukifungua kinywa unakula pamba. Akina mama walijifunga vitambaa, pua na mdomo, mpaka saa ya kutoka. Hata salamu walipeana kwa mkono."

"Sawa mzee wangu, lakini hii ni sanaa. Sisi tunachora uzuri."

"Huyo wa tatu amekohoa miaka miwili. Nimemzika mimi. Uzuri uko wapi?"

Akarekebisha kofia yake. Halafu akasema, "Haya wazazi, twende tukaone vinyago." Wakamfuata wote. Vinyago, dada.

Wewe unajua, ulikuja kumuuguza. Ofisini walisema ni baridi ya ziwa. Baridi gani inayotoka kifuani nyeupe nyeupe? Vitambaa waliomba, hawakupewa. Karani aliwajibu, "Leo vitambaa, kesho mtataka viatu." Kila mmoja akachana nguo yake mwenyewe. Leo karani yule ana duka lake la jumla, na ukutani wake zetu wanaimba.

Nilibaki pale peke yangu. Fundi wa kupaka vyoo alikuwa ameacha ndoo ya chokaa na brashi. Nikachukua. Sitakudanganya kwamba nilifikiri sana. Nikaanza na wa kwanza, kitambaa cha chokaa kutoka puani mpaka kidevuni. Wa pili. Kwa Paskazia mkono ulitaka kukataa, nikaulazimisha. Nimefika wa saba mlinzi akanikuta. "Mzee, wewe umeajiriwa lini?" Nikamjibu niliajiriwa hapa kabla hujaota ndevu, na nikamalizia.

Mkuu wa chuo alikuja mbio. Akasema hiyo ni kazi ya miezi mitatu, na mwisho wa mwezi wanakuja wageni wanaosaidia chuo, na picha ndiyo wanayokuja kuiona. Akauliza mimi ni mzazi wa nani. Sikutaka kusema. Koku akajitokeza mwenyewe, "Ni baba yangu." Kumbe picha alichora yeye na wenzake wawili. Wa tatu ni mkono wake.

Hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu. Alisema, "Baba, nilikuwa na miaka mitano. Sura ya mama ninayoijua ni moja, anacheka. Umeifuta."

Nikamwambia, "Alikuwa anacheka nyumbani. Humu hakucheka."

Mkuu akakata maneno. Nyuso zirudi kama zilivyokuwa kabla ya wageni. Zisiporudi, Koku aondoke chuoni. Akanitaka niombe radhi mbele ya wazazi. Nikasema kwa ndoo ya chokaa naomba radhi, si yangu. Kwa vitambaa siombi.

Siku mbili Koku hakusema na mimi. Ananiwekea chakula anatoka nje. Siku ya tatu nimerudi kazini, akakaa mbele yangu. "Kitambaa cha mama kilikuwa rangi gani?"

"Cheupe. Si nimepaka cheupe?"

"Baba. Kanga gani nyeupe tupu?"

Sijui. Mume wa mtu, na sijui. Mimi kila nikimwona pale saa ya kutoka kilikuwa kimeshalaliwa na pamba chote, cheupe kama chokaa. Chini yake kulikuwa na rangi gani sikuangalia.

Kesho yake Koku amekwenda sokoni kwa wale wawili walio hai kati ya wale saba, wanauza dagaa. Mmoja alimwambia, "Mimi kanga nilikuwa nayo wapi? Andika mfuko wa unga wa njano, maandishi yake yalikuwa hapa puani." Wakacheka mpaka wateja wakasimama. Mwingine alivua kilemba alichovaa, akasema rangi kama hii. Koku akachukua hayo yote akaenda kwa mkuu wa chuo. Akamwambia nyuso za kuimba hazirudi, anachora vitambaa, kila mama na chake. Mkuu amesema wageni wasipopenda basi Koku afungashe. Koku amesema sawa. Mimi sikumfundisha hayo majibu.

Kwa hiyo Koku haji kwako sasa. Wakimfukuza nitamleta mwenyewe, na utamfundisha kushona, na utanisema unavyotaka. Lakini hawatamfukuza kwa uongo wao, watamfukuza kwa kweli yake.

Sasa ombi langu. Tulipogawa nguo za marehemu, wewe ulichukua kanga moja. Shangazi akauliza ya pili iko wapi, doti haiwi kanga moja, na watu wakaniangalia kama nimeiuza. Sikujibu. Hiyo ya pili ndiyo aliyokuwa anachana vitambaa. Kipande kikioza, anachana kingine, mpaka ikaisha yote. Iliyobaki duniani ni hiyo uliyo nayo. Itume. Usikate, tuma nzima, Koku aitazame na maua yake, nitairudisha. Mpe kondakta wa basi la huku, mwambie mimi nitakuwa kwenye kivuko pale Busisi Jumatano ijayo tangu asubuhi, nivuke nayo mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na shamba lake la kahawa. Nisalimie mama mdogo aliyenilea, mwambie bado nakula kwa mkono wa kulia kama alivyonifunza. Na yule katekista jirani anayekusomea, asome hii barua kwa sauti ndogo, majirani wana masikio.

Ukiona kanga imechakaa usione aibu wala usiifue sana. Kitambaa chake nacho kilikuwa kimechakaa.

Mimi mdogo wako,
Protazi